Chura wa sumu na mbwa wa nyumbani: Neno ‘acha’ linavyookoa maisha

WAFUGAJI wa mbwa katika miji ya Brisbane, Townsville na Cairns, mashariki mwa Australia, wana hofu moja ambayo hurejea kila mwaka mvua za kiangazi zinapoanza kunyesha. Hofu hiyo haitokani na mwizi wala mnyama mkali, bali na chura.

Chura huyo, anayeitwa chura wa miwa, hamfukuzi mbwa wala hamng’ati. Hukaa tu kwenye majani mabichi chini ya taa ya uani akisubiri wadudu. Ni mbwa mwenyewe anayemfuata, akamnusa, akamlamba au kumtia kinywani. Dakika chache baadaye mbwa huyo anaweza kuwa amelala chini akitetemeka.

Kwa sababu hiyo, kumlinda mbwa dhidi ya chura ni suala la malezi kabla halijawa suala la dawa. Katika maeneo yenye vyura hao, shule za kufundisha mbwa zimekuwa mahali ambapo mfugaji na mbwa wake hujifunza pamoja jambo ambalo siku moja litaamua kama mbwa huyo ataishi au atakufa.

Makala haya yanaeleza chura huyo ni nani, sumu yake hufanyaje kazi, mbwa hufundishwa nini darasani, na mambo gani mfugaji wa mbwa wa Afrika Mashariki anaweza kujifunza kutokana na masaibu ya wenzake wa ng’ambo.

Mgeni aliyealikwa

Asili ya chura wa miwa ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Alisambazwa duniani na binadamu, kwa nia njema, katika zama ambazo wakulima wa miwa walikuwa wakitafuta njia ya kuwaangamiza wadudu waharibifu bila gharama kubwa.

Kutoka Puerto Rico vyura hao walipelekwa Hawaii mwaka 1932. Mwezi Juni mwaka 1935, mtaalamu wa wadudu wa Australia, Reginald Mungomery, aliwachukua vyura wapatao 100 kutoka Hawaii na kuwafikisha katika kituo cha utafiti cha Meringa, karibu na mji wa Gordonvale, jimbo la Queensland. Walizaliana haraka, na Agosti mwaka huo huo vyura wachanga wapatao 2,400 waliachiwa katika mashamba ya miwa.

Matumaini yalikuwa kwamba wangewala mbawakawa walioharibu miwa. Hata hivyo, mbawakawa hao hukaa juu ya majani ya muwa, na funza wao huishi chini ya udongo wakitafuna mizizi. Chura, ambaye haruki juu sana wala hachimbi kwa kina, hakuwafikia. Mwanasayansi Walter Froggatt alionya mapema kwamba mgeni huyo angeweza kuwa janga, lakini onyo lake halikuzuia vyura zaidi kuachiwa.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai kati ya 8,000 na 35,000 kwa mkupuo mmoja. Kutokana na wingi huo, vyura hao wameenea Queensland, wakaingia New South Wales na Jimbo la Kaskazini, wakafika katika Hifadhi ya Kakadu mwaka 2001, na mwaka 2009 wakavuka mpaka wa Australia Magharibi.

Kwa kawaida chura mzima huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, lakini wapo wakubwa zaidi. Januari 2023, askari wa hifadhi katika jimbo la Queensland walimkuta mmoja mwenye uzito wa kilo 2.7, sawa na kuku mzima wa kienyeji.

Australia haikuwa peke yake. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, chura huyo huyo aliletwa kwa ajili ya mashamba ya miwa, na wengine wakatoroka mikononi mwa mfanyabiashara wa wanyama katika uwanja wa ndege wa Miami katikati ya karne ya 20. Leo hii ni tishio la kawaida kwa mbwa wa kusini mwa jimbo hilo.

Sumu hufanyaje kazi?

Nyuma ya macho ya chura wa miwa, juu ya mabega, kuna vivimbe viwili vikubwa. Hivyo ni tezi za sumu. Chura akibanwa au kuumwa, tezi hizo hutoa ute mzito mweupe unaofanana na maziwa. Akichokozwa sana anaweza kuurusha ute huo umbali mfupi, na ukiingia machoni husababisha maumivu makali.

Ndani ya ute huo mna kemikali za aina mbalimbali. Zilizo hatari zaidi hushambulia moyo, zikizuia mfumo wa seli unaosukuma chumvichumvi za sodiamu na potasiamu ndani na nje. Mfumo huo ukivurugika, mapigo ya moyo huenda ovyo. Kemikali nyingine huathiri mishipa ya fahamu na shinikizo la damu.

Kinywa cha mbwa ndicho njia rahisi ya kupitisha sumu hiyo. Ngozi laini ya fizi na ulimi huinyonya haraka, hivyo mbwa hudhurika hata kama hakummeza chura.

Dalili za mwanzo ni mbwa kutokwa na udenda mwingi au povu, fizi kuwa nyekundu kuliko kawaida, kutikisa kichwa, kujikwangua mdomo kwa miguu ya mbele, na pengine kutapika. Zikifuatiwa na kuyumba, kutetemeka, mboni za macho kupanuka, degedege au kuishiwa nguvu, hali hiyo ni ya hatari na mbwa anaweza kufa.

Mbwa wadogo wako hatarini zaidi, kwa kuwa kiasi kile kile cha sumu huenea katika mwili mdogo. Watoto wa mbwa huongezewa hatari na udadisi wao, na mbwa wa jamii ya terrier na silika yao ya kuwinda. Wapo mbwa ambao huonja mara moja wakakoma, lakini wapo pia wanaorudia kila msimu, hivyo mfugaji hapaswi kutegemea kwamba mbwa wake amejifunza mwenyewe.

Hatari haiishii kwa chura mzima. Mayai, ambayo huonekana majini kama nyuzi ndefu za utelezi zenye nukta nyeusi, yana sumu, na viluwiluwi pia.

Darasani hufundishwa nini?

Watu wengi hudhani kwamba shule ya mbwa ni mahali pa kumwacha mnyama na kumfuata baadaye akiwa mtiifu. Sivyo ilivyo. Katika madarasa mengi mwanafunzi wa kwanza ni mfugaji, kwa sababu ndiye atakayebaki na mbwa usiku mvua inaponyesha.

Watoto wa mbwa huweza kuanza mapema, wakiwa na umri wa majuma manane au zaidi na wakiwa wamepata chanjo ya kwanza. Umri huo ndio ambao mbwa huzoea kwa urahisi watu, wanyama wengine, sauti na mazingira mapya. Madarasa hufanyika kwa kawaida mara moja kwa juma, na mazoezi ya kila siku hufanyika nyumbani kwa vipindi vifupi vya dakika chache.

Mambo ya msingi ni kuketi, kulala chini, kutulia mahali pamoja, kutembea na kamba bila kuvuta, na kuja anapoitwa. Haya huonekana kama madoido, lakini kila moja lina kazi. Mbwa anayekuja mara moja anapoitwa anaweza kuondolewa kwenye hatari kabla mwenyewe hajafika.

Zoezi lenye uzito mkubwa kuliko yote kwa wakazi wa maeneo yenye vyura ni lile la amri ya kuacha kitu. Hufundishwa kwa hatua zifuatazo:

Kwanza, mfugaji huficha kipande cha chakula ndani ya ngumi. Mbwa hunusa, hulamba na kukwaruza. Mfugaji hanyanyui sauti wala hafungui mkono. Mbwa anapokata tamaa na kurudisha kichwa nyuma, hupongezwa papo hapo na kupewa chakula kingine kutoka mkono wa pili.

Pili, mbwa akishaelewa, neno “acha” hutamkwa kabla ya ngumi kuletwa karibu. Anajifunza kwamba neno hilo maana yake ni kugeuka na kumtazama bwana wake, ambako kuna malipo bora zaidi.

Tatu, chakula huwekwa chini, kikifunikwa kwa kiatu. Kisha huachwa wazi, mbwa akiwa amefungwa kamba. Baadaye mbwa hupitishwa kando ya chakula hicho huku akitembea.

Nne, kitu kisichotembea hubadilishwa kwa kinachotembea, kama vile mpira au mwanasesere anayevutwa kwa uzi, kwa kuwa chura huruka na mruko huo ndio unaomwamsha mbwa.

Tano, zoezi huhamishiwa uani wakati wa usiku, kwenye majani yenye unyevu, chini ya taa. Hatua hii husahauliwa na wengi. Mbwa aliyefaulu darasani mchana hana budi kufundishwa upya gizani, kwani kwake ni mahali pengine kabisa.

Chura hai hatumiwi katika hatua yoyote ya mafunzo haya.

Kinywa kinachofunguka

Lipo zoezi jingine ambalo halina mbwembwe lakini lina thamani kubwa. Nalo ni kumzoesha mbwa kushikwa mdomo.

Kila siku mfugaji huinua mdomo wa juu wa mbwa kwa sekunde chache, hugusa fizi, kisha humpa zawadi. Baada ya siku kadhaa hutumia kitambaa chenye maji na kufuta fizi taratibu. Mbwa aliyezoezwa hivyo huvumilia kufutwa mdomo siku ya ajali. Asiyezoezwa hupigana na bwana wake, na dakika zenye thamani hupotea.

Zawadi au kiboko?

Kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu mafunzo ya adhabu, hasa matumizi ya kola zinazotoa mshtuko wa umeme. Baadhi ya majimbo ya Australia yamezipiga marufuku, na Wales ilifanya hivyo mwaka 2010. Wapinzani wa kola hizo wanasema mbwa anaweza kuhusisha maumivu na mtu au mahali, badala ya kitu alichokuwa akikifuata.

Njia ya zawadi si ngeni kwetu. Mjini Morogoro, shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kutambua mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya husikia mlio mdogo wa kifaa, kisha hupewa chakula, na hivyo hujua amefanya sahihi. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwa mbwa.

Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha mwaka 2010 kwamba hata mnyama wa porini anaweza kufundishwa kumkwepa chura. Mnyama huyo ni quoll wa kaskazini, mla nyama mdogo wa Australia aliyeangamia kwa wingi kutokana na kula vyura wa miwa. Waliopewa vyura wadogo waliokufa, waliotiwa dawa ya kichefuchefu, waliwachukia vyura na kuishi muda mrefu zaidi walipoachiwa porini kuliko wenzao ambao hawakufundishwa.

Kinga ya nyumbani

Mafunzo hayaondoi wajibu wa mfugaji. Hatua hizi hupunguza uwezekano wa mbwa kukutana na chura:

Mbwa asiachwe uani peke yake baada ya giza kuingia katika msimu wa joto na mvua. Akitolewa kujisaidia, afungwe kamba na mfugaji abebe tochi.

Chakula cha mbwa kisilale nje. Chura wa miwa hula hata chakula kilichobaki kwenye bakuli, na hupenda kuketi ndani ya chombo cha maji. Bakuli lioshwe na maji yabadilishwe kila asubuhi.

Taa za nje zizimwe zisipohitajika, kwa sababu huvuta wadudu, na wadudu huvuta vyura. Majani yafyekwe, na marundo ya mbao, matofali na takataka yaondolewe.

Anayelazimika kumwondoa chura avae glavu na anawe mikono baadaye. Vilevile, asiue chura asiyemjua. Nchini Australia vyura wengi wa asili wasio na hatia wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wa miwa.

Akishamtia kinywani

Muda ndio kila kitu. Hatua zinazopendekezwa ni hizi:

Mwondoe mbwa mahali hapo na umtoe chura kinywani. Chukua kitambaa chenye maji ufute fizi, ulimi na ndani ya mashavu. Suuza kitambaa kila mara, kisha urudie kwa dakika kadhaa.

Ukitumia mpira wa maji, maji yawe ya taratibu, yaingie kutoka pembeni mwa mdomo, na kichwa cha mbwa kiinamishwe chini ili yatoke nje. Maji yakielekezwa kooni, mbwa humeza sumu au huyavuta mapafuni.

Usimpe maziwa wala chumvi, na usimlazimishe kutapika. Mbwa aliyezimia au mwenye degedege asitiwe maji wala mkono mdomoni. Huyo apelekwe moja kwa moja kwa daktari wa mifugo, ambaye ana dawa za kutuliza degedege na kurekebisha mapigo ya moyo. Aliyefutwa mdomo naye, akiendelea kuonyesha dalili yoyote zaidi ya udenda, apelekwe bila kuchelewa.

Na sisi Afrika Mashariki?

Pamoja na kwamba masimulizi haya ni ya Australia, vyura wenye sumu wapo pia katika miji yetu. Vyura wenye ngozi ya vipele wanaoonekana chini ya taa za barabarani Dar es Salaam, Nairobi au Kampala nao wana tezi nyuma ya macho. Kwa kawaida si wakubwa kama wa miwa, na mbwa wengi hutokwa udenda kisha wakapona, lakini mtoto wa mbwa au mbwa mdogo hapaswi kuchukuliwa kwa wepesi.

Mmoja wa vyura wa ukanda wetu, anayejulikana kitaalamu kama Sclerophrys gutturalis, amekuwa mgeni asiyetakiwa kwingineko. Alipelekwa kisiwa cha Mauritius mwaka 1922 na Réunion mwaka 1927, na sasa yupo pia Cape Town, nje ya eneo lake la asili.

Mijini kwetu mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, saa zile zile ambazo vyura hutoka. Wakati wa masika na vuli, anayekuwa karibu na mbwa huyo mara nyingi ni mlinzi au msaidizi wa nyumbani, wala si mwenye mbwa. Hao ndio wanaostahili kufundishwa huduma ya kwanza na kupewa namba ya simu ya daktari wa mifugo.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mfugaji wa hapa hapaswi kuisahau. Australia haina kichaa cha mbwa, sisi tunacho. Ushauri wa kumfuta mbwa mdomo unamhusu mbwa wako mwenyewe, mwenye chanjo kamili ya kichaa cha mbwa, ambaye alikuwa mzima muda mfupi uliopita na ameonekana akimchezea chura.

Mbwa asiyejulikana, asiyechanjwa, au aliyebadilika tabia kwa siku kadhaa kabla ya kutoa povu, asiguswe kabisa. Afungiwe ikiwezekana, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Mtu aliyeng’atwa au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Chanjo, basi, ndiyo somo la kwanza la shule yoyote ya mbwa katika nchi zetu. Neno “acha” linafuata, na halihitaji ada wala kifaa. Linahitaji dakika tano kila jioni, vipande vichache vya nyama, na mfugaji mwenye subira, kabla mvua ya kwanza haijawatoa vyura mafichoni.